Siku ya Saba ya Kichomi

Waganga wa zamani waliomuuguza mtu mwenye kichomi walikuwa na kazi moja kubwa: kuhesabu siku. Ugonjwa ulianza kwa kishindo. Baridi ya ghafla ilimtetemesha mtu hadi meno yakagongana, kisha homa ikapanda na kukataa kushuka. Kila pumzi ilichoma ubavuni, na hapo ndipo jina la Kiswahili lilipotoka. Makohozi yalikuja na rangi ya kutu. Siku ya tatu ilikuwa mbaya kuliko ya pili, na ya tano mbaya kuliko ya tatu. Halafu, mara nyingi siku ya saba au karibu na hapo, lilitokea moja kati ya mambo mawili. Ama mgonjwa alikata roho, ama katika saa chache tu homa ilianguka, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji, akapitiwa na usingizi, na alipoamka akaomba uji. Matabibu wa Kiyunani wa zama za Hippocrates waliliandika jambo hili, na madaktari wa karne ya 19 walikuwa bado wanalishangaa. Hakuna dawa iliyolileta. Lilikuja lenyewe au halikuja kabisa.

Kujibu swali la nini hasa hutokea siku ile kumekula vizazi kadhaa vya wataalamu, na jibu lenyewe linavuruga namna tuliyozoea kuizungumzia kinga ya mwili. Tunapenda lugha ya vita: askari, ngome, mashambulizi, mwili wenye nguvu na mwili dhaifu. Lugha hiyo ina mahali pake, ila kwa kichomi, yaani nimonia, inapotosha. Kama nguvu ndiyo ingeamua, wasingekufa kwa maelfu vijana wachimba migodi wenye mikono ya kupasua mwamba. Ninachodai hapa ni kwamba shauri la mapafu na bakteria hukatwa na utambuzi kabla ya nguvu. Mwili una meno ya kumla mgeni huyu tangu saa ya kwanza. Unachokosa ni pa kumshikia. Siku ya saba ni siku ambayo hatimaye unapata alama ya kumjulia. Na hatua ambazo tiba imepiga katika ugonjwa huu, hata zile za dawa kali tutakazozifikia, zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa kwa jicho hilo.

Mgeni mwenyewe alionekana kwa bahati tu. Septemba 1880 daktari wa jeshi la Marekani, George Sternberg, akiwa New Orleans, alichukua mate yake mwenyewe na kuwadunga sungura. Sungura wakafa. Miezi michache baadaye, Paris, Louis Pasteur alifanya vivyo hivyo kwa mate ya mtoto aliyefariki kwa kichaa cha mbwa. Wote wawili walikuta katika damu ya sungura vijidudu vilivyoambatana viwiliwili, na kila jozi imezungukwa na weupe fulani kama duara la mwanga kuzunguka mwezi. Wote wawili walitangaza habari hiyo mwaka 1881, na hakuna aliyejua bado kwamba kijidudu hicho ndicho mwenye kesi ya kichomi. Jambo la kuweka akilini ni kwamba Sternberg alikuwa mzima wa afya. Muuaji alikuwa akiishi mdomoni mwake bila kumdhuru. Kule Berlin ulizuka ubishi kati ya Carl Friedländer, aliyekishtaki kijidudu kingine, na Albert Fraenkel, ambaye mwaka 1884 alionyesha kwamba mhusika mkuu ni kile cha jozi, tunachokiita leo nyumokokasi. Friedländer hakuwa mwongo, kwani kijidudu chake nacho husababisha nimonia, ila kwa nadra zaidi. Na ni katika maabara yake, juu ya vipande vya mapafu ya waliokufa kwa kichomi, kwamba Mdenmaki Hans Christian Gram alibuni mwaka uleule njia ya kutia bakteria rangi ambayo hospitali duniani kote huitumia mpaka leo.

Wakati huo mabingwa wa kinga walikuwa wamegawanyika kambi mbili. Ilya Mechnikov, Mrusi aliyekuwa akiishi Messina, alichukua mwaka 1882 mabuu ya kiti cha pweza, yenye miili ya kupenya mwanga, akayachoma miiba. Kesho yake aliona chembe hai zimeuzunguka mwiba kama siafu. Akahitimisha kwamba kinga ni kazi ya chembe zinazomeza. Wajerumani hawakuafiki. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda, yasiyo na chembe hata moja, yanaweza kumlinda mnyama mwingine. Kwao kinga ilikuwa ndani ya majimaji, yaani seramu. Mwaka mmoja baadaye ndugu wawili, Georg na Felix Klemperer, waliuleta mjadala kwenye kichomi. Walimkinga sungura dhidi ya nyumokokasi, wakachukua seramu yake, wakamlinda nayo sungura mwingine. Wakasema siku ya saba imepata maelezo: damu imetengeneza kizima-sumu, sumu imezimwa, homa imeshuka. Maelezo hayo yalikuwa mazuri, ila yalikuwa na tundu. Nyumokokasi haui kwa sumu anayoimwaga nje kama anavyofanya wa pepopunda. Tena seramu ile ya ajabu, ikitiwa ndani ya chupa pamoja na kijidudu hai, haikumuua. Kijidudu kiliendelea kuzaana humohumo, kana kwamba hakijaguswa.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na pande mbili karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1903 Almroth Wright na Stewart Douglas, katika hospitali ya St Mary's jijini London, walieleza kwamba ndani ya seramu mna kitu kinachowaandaa bakteria waliwe. Wakakiita opsonini, kutokana na neno la Kiyunani la kuandaa chakula. Mwaka 1904 Fred Neufeld na Wilhelm Rimpau, Ujerumani, wakatoa ushahidi ulio wazi zaidi kwa upande wa kichomi: seramu ya mnyama aliyekingwa haimuui nyumokokasi, lakini ukiitia pamoja na chembe nyeupe za damu, chembe zilizokuwa zikimpita kama hazimwoni zinamrukia na kumla. Kwa hiyo kambi zote mbili zilikuwa na haki, na zote mbili zilikuwa zimekosea kudhani kwamba upande mmoja unatosha. Mechnikov na Paul Ehrlich, bingwa wa seramu, waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1908, na mgawanyo ule ulikuwa wa haki kuliko walioutoa walivyojua. Kingamwili, maana ndilo jina tunalolitumia leo, haipigi. Inagandama juu ya mwili wa kijidudu, inaacha mkia wake nje, na ule mkia ndio mpini ambao chembe nyeupe huushika.

Ila kwa nini chembe nyeupe hazikumshika tangu mwanzo? Sehemu ya jibu ilipatikana mahali pa huzuni, katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Mwanzoni mwa karne ya 20 makampuni yalikuwa yakiajiri vijana kutoka Msumbiji, Nyasaland na kwingineko kaskazini mwa nyuzi 22 za kusini, yakawarundika katika kambi za wachimbaji, na kichomi kikawapukutisha hasa katika miezi yao ya kwanza. Watetezi wa makampuni walipenda kusema kwamba watu wa nchi za joto wana mapafu dhaifu. Ni hoja ya nguvu ileile, na haisimami. Kama udhaifu ungekuwa wa kuzaliwa, usingepungua kwa wale waliomaliza mwaka wakiwa hai kwenye kambi zilezile. Waliofika walikuwa wageni kwa aina za vijidudu zilizokuwa zikizunguka katika mabweni yale yenye msongamano, na walipewa kulala, kufanya kazi na kula kwa namna iliyoharakisha maambukizi. Miili yao haikuwa na kumbukumbu za wenyeji wa mahali pale.

Makampuni yalimwita Wright, na kuanzia mwaka 1911 makumi ya maelfu ya wachimbaji walichanjwa kwa vijidudu vilivyouawa. Wright alirudi London akitangaza mafanikio. Takwimu zilipopitiwa na watu wenye utaratibu zaidi, akiwemo G. D. Maynard, mafanikio yale yaliyeyuka. Wright alikuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi, na aliwadharau waliohesabu. Bernard Shaw alimchora katika tamthilia yake ya 1906, The Doctor's Dilemma, na picha ile haikuwa ya kumpendeza mtu. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri kutoka maeneo yale ya kaskazini, kwa sababu vifo havikuvumilika hata kwa vipimo vya utawala ule. Lakini katika mabaki ya jaribio lililoshindwa, daktari F. Spencer Lister aliona kitu ambacho Wright hakukiona. Alichukua seramu ya wagonjwa waliokwisha kuvuka siku yao ya saba. Seramu ya kila mmoja ilimfanya kijidudu wake mwenyewe aliwe, na mara nyingi haikufaa kitu dhidi ya kijidudu kilichotoka kwa jirani yake wa kitanda cha pili. Nyumokokasi, kumbe, hakuwa mmoja. Alikuwa ukoo wa aina nyingi zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa vazi, na mwili uliojifunza kulijua vazi moja ulibaki kipofu mbele ya jingine. Chanjo ya Wright ilifundisha kutambua bila kujua anayepaswa kutambuliwa ni nani.

Hospitali ya Taasisi ya Rockefeller, New York, iliyofunguliwa mwaka 1910, ilifikia jambo lilelile kwa njia yake. Rufus Cole alikifanya kichomi kuwa kazi yake kuu. Mwaka 1913 kundi lake lilitangaza mgawanyo: Aina ya I, ya II, ya III, na rundo la waliobaki wakaliita la IV. Alphonse Dochez alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1912 kwamba vitu vya kulinda huanza kuonekana katika damu ya wagonjwa wengi karibu na saa ile homa inapovunjika. Farasi walidungwa vijidudu vya Aina ya I, damu yao ikavunwa, na wagonjwa wa aina hiyo wakapewa seramu kwa mshipa. Vifo vilivyokuwa vikichukua takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne vilishuka mpaka chini ya mmoja kati ya kumi, kwa hesabu za hospitali yenyewe. Waliopewa siku za mwanzo walinufaika zaidi, jambo ambalo hoja yangu ingelitarajia. Seramu haikuongeza nguvu yoyote kwa mgonjwa. Ilimkopesha alama ambazo mwili wake ungezitengeneza wiki moja baadaye, kama angeishi kuifikia.

Vazi lenyewe ndilo lililomshughulisha Oswald Avery wa hospitali hiyohiyo, bwana mdogo wa umbo, mkimya, ambaye hakuoa wala hakupenda mikutano. Mwaka 1917 yeye na Dochez walikuta katika mkojo na damu ya wagonjwa kitu kilichoyeyuka kutoka kwenye ule weupe unaokizunguka kijidudu. Mwaka 1923 mkemia Michael Heidelberger akamthibitishia kwamba kitu hicho ni sukari, minyororo mirefu ya sukari. Wengi walikataa kuamini, maana ilishikiliwa kwamba protini peke yake ndiyo inayoweza kuamsha kinga. Basi nyumokokasi amevaa joho la sukari, refu, lenye utelezi, na chini yake zimo protini ambazo mwili ungezitambua mara moja kama zingekuwa nje. Mwaka 1930 Avery na msaidizi wake kijana, René Dubos, walitoa ushahidi ambao kwangu ndio mzito kuliko yote. Walipata katika udongo wa kinamasi bakteria mwenye kimeng'enya cha kulila joho la Aina ya III na kisicholigusa la aina nyingine. Panya waliodungwa nyumokokasi wa Aina ya III na kupewa kimeng'enya hicho walipona. Kimeng'enya hakikumuua kijidudu hata mmoja. Kiliwavua nguo, na chembe nyeupe za panya, zilezile zilizokuwepo siku zote, zikawamaliza. Nguvu haikuongezwa hata chembe, ila mshindi alibadilika. Kwa kupita tu: Avery aliposhughulika na jinsi kijidudu kisicho na joho kinavyoweza kurithishwa joho, jambo lililogunduliwa na Frederick Griffith wa London mwaka 1928, alifika mwaka 1944 kwenye jibu kwamba kinachobeba urithi ni DNA. Elimu yote ya jenetiki ya kisasa ilipitia mlango wa kichomi.

Hapa msomaji makini ana haki ya kunisimamisha. Dochez mwenyewe aliona wagonjwa wachache ambao homa ilivunjika kabla kingamwili haijaonekana. Na watu wengi hukivuta kijidudu hiki ndani ya pafu bila kuugua kabisa. Kama utambuzi wa joho ndio kila kitu, hao waliponaje? Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake linaipanua hoja badala ya kuivunja. Kijidudu kinachoteremka kwenye njia ya hewa hukutana kwanza na ute na vinyweleo vinavyofagia kuelekea juu. Anayefika kwenye vifuko vya hewa humkuta makrofaji, mlinzi mkazi ambaye humla kimya kimya kama wageni ni wachache. Wakizidi, makrofaji hupiga mbiu kwa kemikali, na nyutrofili, chembe nyeupe za dharura, humiminika kutoka mishipa midogo kwa mamilioni. Mwaka 1946 Barry Wood wa St. Louis alionyesha kwamba chembe hizo zinaweza kumla hata kijidudu chenye joho kisicho na kingamwili juu yake, kwa kumbana dhidi ya ukuta wa kifuko cha hewa, kama mtu anavyomshika kambare kwa kumbana kwenye jiwe. Lakini pale kifuko kilipojaa majimaji, kijidudu kilielea na kuponyoka. Zaidi ya hayo, mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, katika maabara ya Avery, walikuta katika damu ya wagonjwa wa kichomi protini inayonasa sehemu ya ukuta wa nyumokokasi wa kila aina, inayoonekana mapema na kutoweka baada ya siku ya saba. Ndiyo ile ambayo maabara za hospitali zetu huipima na kuiandika CRP. Hata kinga ya kuzaliwa nayo, basi, ina macho yake. Ni ya kubahatisha, yanayoona umbo la jumla na kukosa sura ya mtu.

Na kubahatisha kuna gharama. René Laennec, aliyebuni kipimo cha kusikilizia kifua, aliandika mwaka 1819 kwamba pafu la aliyekufa kwa kichomi hugeuka gumu na zito kama ini. Ugumu ule hautoki kwa kijidudu. Ni jeshi la mwili wenyewe, nyutrofili, majimaji na nyuzi za damu iliyoganda, vimejaza mahali pa hewa. Mwili unaoshindwa kumtambua adui huendelea kuita msaada, na msaada huziba pumzi. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoeleza nimonia kama upungufu wa kinga tu, kisha wanauza vinywaji vya kuipandisha. Wengi waliokufa hospitalini walikuwa na kinga tele ndani ya mapafu; ilikuwa nyingi na isiyo na anwani. Kingamwili inapofika, mambo huisha upesi kwa sababu chembe zilizokuwa zikipapasa zinapata shabaha, mbiu inanyamaza, na makrofaji huanza kuwazoa nyutrofili waliokufa. Pafu lililokuwa ini hurudi kuwa pafu, mara nyingi bila kovu.

Pingamizi la pili ni la dawa, nalo lilionekana kumaliza mjadala wote. Mwaka 1938 G. M. Evans na Wilfrid Gaisford wa Birmingham waliwagawa wagonjwa 200. Waliopewa sulfapiridini, dawa ya kampuni ya May & Baker, walikufa 8 kati ya 100; wasiopewa walikufa 27. Churchill alipougua nimonia Tunisia mwishoni mwa 1943 alipewa dawa ya jamaa hiyohiyo. Kisha ikaja penisilini, iliyovumbuliwa na Alexander Fleming mwaka 1928 katika idara ya Wright mwenyewe, yule aliyeamini kwamba daktari wa kesho atakuwa mchanjaji na si mtoa dawa. Farasi wa seramu wakastaafishwa. Nani angehitaji tena kujua aina ya joho? Robert Austrian, daktari wa Brooklyn, hakuridhika. Yeye na Jerome Gold waliwafuatilia kwa miaka kumi wagonjwa ambao nyumokokasi alikuwa amekwisha kuingia katika damu yao, na mwaka 1964 walichapisha matokeo yaliyowaudhi wenzao. Penisilini iliokoa wengi, hakuna ubishi. Lakini kwa wale waliokufa ndani ya siku tano za kwanza, penisilini haikubadili karibu lolote. Walikufa kwa kiwango kilekile cha zama za seramu na hata cha zama zisizo na tiba. Dawa ilikuwa ikiua kijidudu huku moto uliokwisha kuwashwa ukiendelea. Kilichokosekana kwa wagonjwa hao kilipaswa kuwapo kabla ya siku ya kwanza. Miaka michache baadaye vijidudu visivyosikia penisilini vilianza kuripotiwa, na Afrika Kusini mwaka 1977 ikaripoti vilivyokataa dawa kadhaa kwa pamoja.

Ushahidi wa nini kifanyike ulikuwa umekwisha kupatikana na kusahauliwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Sioux Falls, Colin MacLeod na Heidelberger waliwachanja karibu nusu ya askari takriban 17,000 kwa sukari safi ya majoho manne, aina ya 1, 2, 5 na 7. Nusu nyingine walidungwa maji ya chumvi. Kwa aina hizo nne, waliougua miongoni mwa waliochanjwa walikuwa 4, wote katika wiki mbili za mwanzo kabla chanjo haijashika. Upande wa pili walikuwa 26. Kwa aina nyingine za nyumokokasi, makundi mawili yaliugua karibu sawasawa. Jaribio hilo ni kama lilibuniwa kuijibu hoja ya nguvu. Chanjo haikuwapa askari wale kinga "ya jumla". Iliwafundisha nyuso nne, na nyuso nne ndizo walizozijua. Penisilini ilipoenea, chanjo iliyotokana na kazi hiyo ilikosa wanunuzi ikaondolewa sokoni. Austrian ndiye aliyeifufua, na kwa kinaya cha historia alirudi kuijaribu kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, katika miaka ya 1970. Iliwalinda karibu wanne kati ya watano dhidi ya aina zilizokuwamo. Marekani iliipa leseni mwaka 1977 ikiwa na aina 14, na 23 mwaka 1983.

Lakini kundi lililokuwa likifa zaidi kwa kichomi halikunufaika. Mtoto wa chini ya miaka miwili hajui bado kuisoma sukari tupu. Chembe zake za kutengeneza kingamwili huiona na kuiacha ipite. Suluhisho nalo lilikuwa limelala kwenye makabati ya Avery. Mwaka 1931 yeye na Walther Goebel walikuwa wameifunga sukari ya Aina ya III kwenye protini ya damu ya farasi, na sungura waliodungwa mchanganyiko huo walitengeneza kingamwili dhidi ya sukari ambayo peke yake isingewaamsha. Protini huziita chembe za T, aina mojawapo ya chembe nyeupe, na chembe za T huwalazimisha wenzao wasome kilichoambatana nayo na kukikumbuka. Ilichukua karibu miaka 70 wazo hilo kuwa chanjo ya watoto dhidi ya nyumokokasi, mwaka 2000, tena katika nchi tajiri kwanza. Rwanda iliianzisha mwaka 2009, Kenya mwaka 2011, na Tanzania mwanzoni mwa 2013.

Wanaoipinga kwa hoja, na si kwa uvumi, husema hivi: aina za nyumokokasi ni zaidi ya 100, chanjo hufundisha chache tu kati ya hizo, kwa hiyo zilizobaki zitachukua nafasi. Uingereza hilo lilitokea kwa kiasi, na kulikana ni kudanganya watu. Lakini lazima tupime kwa mahali. Kilifi, nchini Kenya, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilikuwa kikihesabu wagonjwa kwa miaka mingi kabla ya chanjo. Huko ndiko ilikoonekana pia kwamba kati ya watoto wenye selimundu waliokutwa na bakteria katika damu, nyumokokasi alihusika kwa karibu wawili kati ya watano. Bandama yao, kiungo kinachochuja wavaa majoho kutoka damuni, huharibika mapema, na mtoto asiye na bandama hana muda wa kusubiri siku ya saba. Baada ya chanjo yenye aina 10 kuanza, ugonjwa mkali wa aina hizo kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulishuka kwa zaidi ya asilimia 90, kutoka takriban 61 kwa kila watoto 100,000 hadi takriban 3. Aina zisizokuwamo hazikupanda kwa kiwango cha kufuta faida hiyo. Hata watu wazima ambao hawakuchanjwa waliugua mara chache zaidi kuliko zamani, kwa kuwa watoto ndio wabebaji wakuu, na pua isiyobeba haina cha kumwambukiza bibi.

Chanjo hiyo hutolewa bure kliniki mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14. Miongoni mwa majoho 10 yaliyokuwamo katika chanjo ya Kilifi, moja ni la Aina ya 1, lilelile ambalo kundi la Cole lilipa namba ya kwanza mjini New York mwaka 1913.